Kifuniko cha Milimita Kumi na Mbili

Mtaa mzima nyuma ya stesheni ya Kilosa ulisema Mathayo alikuwa amelewa. Boila ndogo ya shaba ilimlipukia usoni, jicho la kulia likapotea, na kabla bandeji ya kwanza haijabadilishwa watu walikwisha kata shauri: pombe. Anselmi aliyasikia maneno hayo kwenye benchi la kahawa. Aliinua kikombe, akanywa, akakirudisha. Alijua Mathayo hajaonja pombe tangu wapunguzwe kazini. Alijua pia kosa lilikuwa la nani. Akaagiza kikombe kingine.

Walikuwa wamepunguzwa siku moja kwenye karakana ya reli, miaka ile kila kitu kilipokuwa kinauzwa au kinafungwa. Mathayo alijinunulia mashine kuukuu ya kukereza vyuma, akawa anaishi kwa kutengeneza bushi za mashine za kusaga na ekseli za mikokoteni. Hakuwa na kibao mlangoni. Alikuwa na jina: kilichotoka mkononi mwake hakikurudi. Jina hilo ndilo lililomlisha yeye na mkewe Costancia.

Anselmi alibaki na macho yaliyofifia na hamu ya ujana: kuunda injini ndogo ya mvuke ya kukaa mezani, kwa raha tu, mfano wa yale madude waliyoyakuta walipoanza kazi. Kupima unene wa chuma kwa kalipa na kusoma mistari yake midogo hakuweza tena. Lakini kwenye darasa la kompyuta la parokia moja kule Mikumi aliona programu ya kuchorea ambamo unaukuza mstari mwembamba mpaka unakuwa kama kamba. Kila Jumamosi akawa anapanda basi kwenda kujifunza. Yeye atachora, Mathayo atakereza.

"Shikamoo mzee," Jackline, mwalimu wa darasa, alimwamkia siku moja.

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, hii namba inanitia aibu."

Alikuwa amechora kifuniko cha boila cha unene wa milimita sita. Programu ilipopima, ikaandika tano nukta themanini na saba.

"Umeuburuta mstari kwa kukadiria, mzee. Andika urefu wakati unachora, itakuja sita kamili."

Badala yake Anselmi aliibonyeza ile namba, akaifuta, akaandika sita. Ilikubali. Akatabasamu.

"Hapo usiguse," Jackline alisema. "Namba hiyo inatoka kwenye mstari. Ukiandika juu yake, mstari unabaki palepale na namba inasema ya kwako. Mchoro umeshakuwa wa uongo."

"Uongo wa sehemu ya milimita, binti yangu?"

"Leo sehemu ya milimita," alisema Jackline, na hakucheka.

Jumamosi iliyofuata Anselmi aliingiwa na wasiwasi. Sita ilikuwa nyembamba kwa nguvu ya mvuke. Afadhali kumi na mbili. Kuusogeza mstari, na kurefusha kila boliti iliyopita hapo, kungemla mchana mzima, na basi la Kilosa lilikwisha anza kupiga honi. Jackline alikuwa chumba cha pili. Anselmi alibonyeza sita, akaandika kumi na mbili, akachapisha, akaondoka. Namba ya urefu wa boliti ilibaki ileile, kumi na sita.

Mathayo alikereza kama karatasi ilivyosema. Siku ya kufunga aliguna.

"Wewe, hizi boliti zinashika nyuzi mbili tu kwenye boila."

"Mchoro unasemaje?"

"Kifuniko kumi na mbili. Boliti kumi na sita."

"Basi fuata namba. Karakana tulifundishwa nini? Mtu wa mashine habishani na mchoro."

"Tulifundishwa hivyo na watu waliojua kuchora," Mathayo alisema, akicheka.

"Kompyuta haikosei, bwana. Labda mkono wako ndio umezeeka."

Mathayo aliacha kucheka. Akakaza boliti. Wakawasha jiko la mafuta ya taa, maji yakachemka, na Mathayo akainama asikilize. Kifuniko kiling'oka.

Wiki ya pili baada ya ajali Anselmi alirudi Mikumi, akaufungua ule mchoro, akausogeza mstari mwenyewe mpaka kumi na mbili ya kweli. Kwenye kioo cha kompyuta kifuniko kikaimeza boliti karibu yote, ncha ikabaki imechungulia tu. Mtu yeyote angeliona kosa. Alikuwa ameinyima programu nafasi ya kumwonya, kisha akamnyima na rafiki yake.

Alikwenda kwa Mathayo. Costancia alimpokea mlangoni.

"Karibu shemeji. Yule mwenye mashine ya kusaga kaja kuchukua bushi zake, hazijaguswa. Anapeleka Morogoro. Anasema hawezi kumpa kazi mlevi."

Mathayo alikuwa ameegemea ukuta, uso mzima umefungwa.

"Nafikiri nilikaza vibaya," alisema. "Ulisema mkono umezeeka."

Anselmi angeweza kuitikia, na mambo yangeishia hapo. Wengi huitikia. Akakaa chini, akamweleza namba aliyoiandika, na mstari ambao hakuusogeza.

"Kumi na sita toa kumi na mbili, nne," Mathayo alisema polepole. "Toa gasketi. Toa washa ya boliti. Zinabaki nyuzi mbili." Akavikunja vidole alivyokuwa akihesabia. "Kwa hiyo mkono wangu haukukosea."

"Haukukosea."

"Na wewe umekaa na hilo huku wakiniita mlevi."

Anselmi akaanza kulia, akiomba msamaha.

"Usinililie hapa. Nenda kwenye benchi ukaseme."

Alikwenda jioni ileile, mkononi karatasi ileile aliyokuwa amempa Mathayo. Akawaambia: Mathayo hakulewa, mchoro ulikuwa wake, na namba ilikuwa ya uongo. Lupakisyo, mkata tiketi mstaafu, aliipokea karatasi, akaigeuzageuza.

"Uongo uko wapi hapa? Mbona namba zote zimenyooka?"

"Pima mstari wa kifuniko kwa rula: imeandikwa kumi na mbili, utakuta sita."

"Nani ana rula hapa?" Watu wakacheka. Lupakisyo akamrudishia karatasi kwa upole, kama anavyorudishiwa mfiwa kofia yake. "Ni vizuri kumfichia rafiki aibu, Anselmi. Lakini pombe ni pombe."

Kesho yake alikuja tena, safari hii na rula. Walipomwona anaingia, wawili waliinuka wakaenda zao. Aliitandaza karatasi mbele ya waliobaki, akaanza upya.