Barua kwa Seva

Chama cha wakulima wa mboga kilichoniajiri kwa majaribio, pale Morogoro mjini, kilikuwa na vitu viwili vya kisasa: mimi na seva. Seva yenyewe ilikaa mbali, kwenye jengo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona, na tulikuwa tumeipa kazi moja tu. Kila Jumanne saa kumi jioni iliwatumia wakulima wa milimani ujumbe wa simu, kuwaambia gari la mboga litafika Mlali, chini ya milima, siku gani. Wakiupata wanachuma, wanafunga, wanateremka na mizigo kichwani.

Wiki hiyo gari lilihamishwa kutoka Ijumaa hadi Alhamisi. Seva ilikuwa bado inajua Ijumaa. Kuibadilisha si kazi ngumu: unaandika faili dogo la mipangilio, unaingia kwenye ukurasa wa seva, unalipakia, basi. Ikilikubali inafuata mapya. Ikilikataa inaendelea na ya zamani, na watu wangeshuka Ijumaa na kabichi zao wakute barabara tupu.

Faili lilikuwa na mistari mitano. Nililipitia mpaka nikaanza kulitilia shaka hata neno Alhamisi. Mtu mwenye akili zake angelipakia. Mimi nikaenda kwa meneja kuomba kibali.

“Lichape nilione,” akasema meneja.

Alilisoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi. “Siku, sawa na, Alhamisi. Ndiyo nini hii? Unaamrisha tu, hata salamu hakuna! Chuo mlifundishwa hivi?”

“Mzee, anayesoma ni mashine.”

“Mashine ya nani?”

“Ya chama.”

“Basi huu ni waraka wa chama. Kichwa cha habari kiko wapi? Sahihi iko wapi?”

Nilijifungia chooni nikafanya mazoezi ya kumjibu, mara kwa upole, mara kwa ukali. Niliposhindwa yote mawili, nikakumbuka kwamba kwenye faili lile, mstari ukianza na alama ya reli, ile #, seva inauruka. Ni wa kusomwa na watu tu. Nikarudi kwenye kiti changu nikaandika, kila mstari na reli yake: YAH: MABADILIKO YA SIKU YA GARI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Chini kabisa: Wako katika ujenzi wa taifa. Katikati ya heshima hizo zote nikaificha ile mistari mitano, kama mtu anayemfichia mtoto dawa kwenye uji. Nilijiona mwanadiplomasia.

“Hizi reli za nini?” akauliza meneja.

“Mapambo, mzee.”

“Ziondoe kwenye jina na cheo changu. Mimi sifungiwi reli.”

Nikaziondoa. Katibu muhtasi, mama wa makamo aliyekuwa akifuma kitambaa mezani pake, akaigonga muhuri karatasi. Mimi nikalipakia faili, meneja akiwa amesimama nyuma yangu mikono mgongoni. Seva ikalikataa. Ikaeleza kwamba haikuelewa mstari wenye neno Meneja. Kusema kweli, wengi pale ofisini walikuwa hawauelewi kwa miaka.

“Mtandao wa leo una kiburi,” akasema. “Rudia.”

Nikarudia, ikakataa tena.

“Iiteni kamati ya nidhamu,” akasema katibu muhtasi bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

Meneja hakucheka. Alichukua koti akaenda kwenye kikao, akaniachia agizo moja: lisipakiwe faili lolote ambalo hajalipitisha. Saa kumi ilikuwa inakaribia. Nikikaidi, majaribio yangu yataishia hapo, na nyumbani walikwishawaambia majirani kwamba nipo ofisini. Nikitii, mboga za watu zitaozea njiani. Nilikuwa bado napima wakati simu ya ofisi ilipolia.

“Shikamoo,” nikasema, maana sauti ilikuwa ya mzee.

“Marahaba, mwanangu. Miye nipo huku juu. Naulizia gari. Siku ileile?”

“Subiri ujumbe, mzee. Tunalishughulikia.”

“Wewe si uko ofisini?”

“Niko ofisini.”

“Na hujui gari linakuja lini?”

Nikaitupia jicho saa ya ukutani. “Sasa ofisini mnafanya nini?” akauliza, na hakuwa akitania. Alitaka kujua kweli.

“Alhamisi,” nikamwambia. Nikafungua ukurasa wa seva, nikapakia faili la mistari mitano tu, lisilo na salamu, wala sahihi, wala taifa la kujengwa. Ikajibu neno moja: Sawa.

Alhamisi wakulima walishuka. Pale Mlali walipanga kabichi na karoti kandokando ya barabara, na gari likajaa mpaka turubai likagoma kufunga. Meneja naye alifika, akapanda juu ya kreti, karatasi yenye muhuri mkononi.

“Ndugu zangu, seva ilikuwa imekataa,” akasema. “Niliiandikia barua rasmi. Ikatii.”

Wakulima wakapiga makofi kidogo, kisha wakarudi kwenye mizigo yao. Mimi nilikuwa bado kwenye majaribio. Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, nikaendelea hata baada ya wengine kunyamaza, mpaka meneja mwenyewe akanifanyia ishara kwamba inatosha.