Mama Yuko Sekta ya Ujenzi

Siku ya kwanza ya masomo ya uzamili kila mwanafunzi alitakiwa asimame ajieleze. Aliyekaa mbele akasema baba yake ni mkandarasi. Wa pili, mjomba wake ndiye aliyesimamia lile daraja jipya. Zamu ikamfikia binti wa Mama Ukoko, naye, bila hata kumeza mate, akasema, "Mama yangu yuko sekta ya ujenzi. Upande wa huduma."

Haya, usicheke. Uongo haukuwemo. Kila ghorofa lililokuwa linapanda mjini, Mama Ukoko alikuwa chini yake na masufuria yake, anawapikia mafundi. Jengo likiisha anajitwika vyombo anahamia lingine. Jina walimpa mafundi wenyewe, kwa sababu ukoko wa wali hakuutupa wala hakuuuza. Aliugawa kwa upendeleo wa wazi kabisa, na wapo watu wazima wenye ndevu zao waliowahi kununiana kwa ajili yake. Kwa wali huo binti alisoma mpaka akapata shahada, akaajiriwa ofisi ya wasimamizi wa miradi, na sasa alikuwa anasomea uzamili wa usimamizi wa miradi ya ujenzi, jioni baada ya kazi na Jumamosi kutwa. Walikaa wawili, mama na mwana, katika vyumba viwili, na nguo zake za ofisini alizipulizia manukato ili zisinuke moshi.

Kilichomkera zaidi ni mdomo wa mama yake, maana ule mdomo haukuwa na mlango. Sokoni, dukani, hata kwa watu aliokutana nao kwenye foleni ya maji: "Injinia wangu huyo, anasoma mpaka vitabu vinamkimbia!" Binti alikwisha kumweleza. "Mama, mimi si injinia. Mimi ni wa usimamizi."

"Si ndiyo wewe unawasimamia hao mainjinia? Basi umewapita. Tuache maneno."

Ikaja siku ya ziara. Mhadhiri wao, mzee mpole wa sauti lakini bahili wa maksi, aliwapakia kwenye basi la chuo kwenda kuangalia jengo lililokuwa limefika ghorofa ya nne. Kila kundi lilipewa mada yake ya kuandikia ripoti. Kundi la binti lilipewa mpangilio wa saiti: nondo zilazwe wapi, malori yageuzie wapi, watu wapite wapi, hatari iko wapi. Katibu wa kundi akawa yeye, kwa vile mwandiko wake ulisomeka na alikuwa mwepesi wa kalamu.

Basi lilipokata kona akaona uzio wa mabati, na nyuma ya mabati moshi. Mwezi ule mama yake alikuwa amehamia kazi mpya, na binti hakuuliza ni wapi. Alikuwa haulizi siku hizi. Akajiambia moshi si jina la mtu, saiti ni nyingi. Akateremka, akavaa kofia ngumu na kizibao cha rangi ya machungwa, akaingia langoni. Mama yake alikuwa pale pale, ameinamia sufuria, khanga kiunoni.

Wenzake walipita mbele yake mmoja mmoja. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu, karibuni." "Shikamoo." "Marahaba." Watu wasiomjua, watoto wa watu, wote wakamwamkia, na mtoto wa mkandarasi akainama kidogo kabisa, kwani alikuwa kijana wa adabu. Kisha zamu ikawa ya binti. Kumwamkia mtu mzima jamani si jambo la kusomea uzamili. Lakini akaogopa. Aliona akianza na shikamoo, ulimi utateleza na kumalizia na "mama", kwa namna ambayo kila mtu angejua ni mama yake. Akasema, kama anavyosema bosi anayepita, "Habari za kazi?"

Mama Ukoko aliinua uso. Akamtazama kizibao, akamtazama kofia. "Nzuri, injinia," akasema, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Ile "wangu" yake aliyokuwa akiitangaza mji mzima, safari hii aliimeza.

Mafundi wote walikuwa wameshughulika ajabu siku ile, hakuna aliyegeuza hata shingo. Binti akamshukuru Mungu kwamba pale hakuna anayemjua.

Kundi lilipofika kwenye jiko, mtoto wa mkandarasi alisimama. "Moto huu uko karibu mno na mbao za kumwagia zege. Na lile pipa la dizeli pale. Andika hapo, katibu." Na alisema kweli, hatari ilikuwepo. Binti alikuwa ameshaona pia kwamba nyuma ya tangi la maji palikuwa na nafasi nzuri, penye ukuta, mbali na mbao. Jiko lingehamia pale na kila mtu angekula kwa amani. Sentensi moja tu ilitosha. Lakini akawaza, nikimtetea mno wataniuliza, kwani unamjua? Akaandika: "Huduma ya chakula iondolewe ndani ya eneo la ujenzi." Akapiga nukta. Wenzake wakasema sawa, inatosha, twende kwenye nondo.

Ripoti zile mhadhiri hakuzifungia kabatini. Aliwapelekea wenye saiti kama shukrani ya kupokelewa, na wenye saiti, ambao bima ilikuwa inawasumbua siku nyingi, wakazifanyia kazi upesi. Wiki haikuisha, binti akarudi kutoka ofisini akakuta masufuria yamepangwa uani, yamesuguliwa yanang'aa.

"Wameniondoa," mama akasema. "Mambo ya usalama."

"Nani kashauri?" binti akauliza.

"Wataalamu." Akasema bila kinyongo, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akamwuliza kama amekula. Siku zilizofuata alikuwa akifagia ua uliokwisha kufagiwa. Saiti nyingine alizojaribu zilikuwa na wapishi wao, na mtu hamwondoi mwenzake kwenye jiko lake. Binti akawa haliwezi tonge. Aliona aibu, na haikuwa aibu ya kuchekwa, maana nani angemcheka? Ilikuwa ile ya kukaa nyumba moja na mtu uliyemkana, na yeye anakutilia chai.

Matokeo yalipotoka, kundi lao likaongoza. Mhadhiri alisifu mbele ya darasa, "Mapendekezo mafupi, yanayotekelezeka." Wenzake wakapiga makofi. Binti hakuweza kukaa. Alitoka na mkoba wake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ule uzio wa mabati, akamtafuta nyapara, mtu mnene mwenye filimbi shingoni.

"Nimekuja kwa ajili ya yule mama wa chakula," akasema. "Nyuma ya tangi pana nafasi. Anaweza kurudi pale bila hatari yoyote, nitaandika mimi mwenyewe. Halafu kuna jambo jingine." Akalitoa. "Yule ni mama yangu."

Nyapara alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha.

"Dada, hilo hapa nani halijui? Tangu aje tumekula wali na habari zako. Ile picha yako ya mahafali tumeoneshwa mpaka tukaomba poo. Siku ile basi lenu liliposimama, alikuona kabla hujateremka. Vijana wakataka kukushangilia. Akatugeukia na mwiko mkononi: 'Mtu asithubutu kumsemesha. Mwanangu yuko kazini.'"

Binti alitamani ardhi ipasuke. Kumbe siku ile ile aliyojisitiri, saiti nzima ilikuwa inamtazama ikijifanya haimwoni.

"Na hiyo nafasi ya nyuma ya tangi nilimwambia mimi," nyapara akaendelea. "Vijana walitaka kugoma. Akakataa katakata. Anasema ule ni mtihani wa mtoto, akibaki hapa ataonekana kakosea, watampunguzia maksi. Nimembembeleza, wapi! Huyo mama yako ukimshinda kwa maneno uje unifundishe."

Alifika nyumbani akamkuta mama yake uani, anachambua maharage ya chakula chao wawili. Akapiga magoti chini, na mkoba begani.

"Mama, nisamehe. Nimetoka kule. Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua. Ile karatasi walinionesha. Mwandiko wako siujui?" Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Ehe, niambie kwanza. Mmefanyaje? Mmefaulu?"

"Mama, nisikilize..."

"Nimeuliza mmefaulu?"

"Tumeongoza."

Ungo ukaanguka. Mama Ukoko aliinuka, akapiga vigelegele vilivyotoa watu majumbani. "Njooni! Njooni mwone! Mwanangu kaongoza!" Majirani wakajaa uani. Mmoja akauliza kaongoza kwa lipi, na mama akajibu kidevu juu, "Mambo ya usalama wa saiti. Mazito hayo, hamyawezi."

Binti akafungua mdomo awaambie usalama huo ulikuwa wa namna gani. Akahisi mkono wa mama yake umembana bega, kwa nguvu, asiseme.

"Hongera, mwanangu," jirani akasema, akimnyooshea mkono. Binti akaupokea, bado amepiga magoti katikati ya maharage, asiweze kumtazama mtu usoni.