Filimbi ya Afande Loisi

Ukitaka ugomvi na Loisi, mwambie mwanamke mwenye heshima zake hakimbii barabarani. Shemeji yake alimwambia hivyo siku ya Krismasi, mbele ya wageni, akaondoka pale na mchuzi wa kuku kifuani. Ndivyo alivyokuwa. Mwanamke wa miraba minne, mzaliwa wa Mvumi, muuza supu ya utumbo karibu na stendi ya Dodoma, anayepasua kwato kwa shoka huku anawasalimia wateja. Sauti yake ilikuwa balaa. Jeshini, alikokwenda kujenga taifa akiwa msichana, yeye ndiye aliyeongoza nyimbo za mchakamchaka, na tangu hapo jina la Afande likamganda hata kwa watu wasiojua geti la kambi linafananaje.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kila kitu, na mashirika ya umma yanakufa moja baada ya jingine kama kuku wenye kideri. Wanaume waliozoea kutoka asubuhi na mkoba kwapani, sasa wanashinda barazani na kaptula. Methusela alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtunza ghala. Shirika likafungwa, akarudi kwake Nkuhungu, akakaa, akala, akanenepa, akapata presha. Daktari akamwambia achague, atoke jasho au achimbiwe. Siku alipokuja kuagiza supu yenye mafuta mengi, Loisi alimnyang'anya bakuli na kumwambia kesho alfajiri aje na raba. Akaja.

Kundi lenyewe lilikuwa la watu wa mtaa tu. Kulikuwa na Stara, fundi cherehani, aliyekimbia na suruali ndani ya gauni na mtandio umefungwa barabara. Kulikuwa na Nasri mwenye mashine ya kusaga, na wengine wa kuja na kuacha. Hakuna aliyekuwa na saa ya maana, kwa hiyo walipimana kwa kufukuzana. Aliye mzito kuliko wote hutangulizwa. Akishafika kona ya kanisa, kundi linaachiliwa, linamfukuza, Loisi anaimba na wengine wanaitikia. Atakapokamatwa, hapo ndipo kipimo chake. Wanampigapiga mgongoni, wanamtania, kisha wanakwenda wote pamoja hadi relini. Na mchana habari inatembea: Methusela leo kakamatiwa kwenye bomba la maji, Methusela leo kavuka bomba. Mteja wa supu hajakaa vizuri, ameshaambiwa Methusela kafika wapi. Naye Methusela, mtu aliyekuwa hafungui kinywa tangu shirika life, akaanza kupita kibandani kusimulia pumzi zake kama mtu anayesimulia harusi.

Mashine ya Nasri hakuwahi kuivuka. Hakuna aliyetangulizwa aliyewahi kuivuka. Kwa hiyo watu wa ng'ambo ya mashine, wengi wao wageni waliojenga kwenye viwanja vipya kuelekea reli, walilijua kundi likiwa zima, likipita na wimbo wake. Mtu mmoja anayekimbia peke yake mbele ya wenzake hawakuwahi kumwona. Hilo mlishike.

Na wezi, jamani. Mwaka ule wezi waliingia Nkuhungu kama wana hati za nyumba. Walibeba redio, baiskeli, mbuzi. Walimkata mzee mmoja mkono kwa panga kwa ajili ya godoro. Watu wakachoka. Mwizi mmoja alishikwa Jumapili mchana, akapigwa mpaka sura ikapotea, akavishwa tairi. Harufu ilikaa mtaani, na watoto walicheza pale pale. Watu wakaunda sungusungu wao wa kulinda mtaa, kila zamu na marungu yake na filimbi yake. Ikilia mfululizo, maana yake mwizi kaonekana, kila mtu atoke na alichonacho. Joshua, mume wa Loisi, akapewa zamu ya upande wa reli.

Joshua alikuwa mtu mpole, mwembamba, fundi baiskeli. Lakini aliibiwa baiskeli za wateja, zote kwa mkupuo, na tangu hapo alilala na rungu. Mlango ukilia anatoka na kupiga kwanza. Loisi alimsifu kwa hilo, tusimfiche. Alimchemshia maji ya kuoga akirudi na damu ya mtu kwenye shati, na hakuuliza ni ya nani.

Basi ikafika Julai, na baridi ile ya Dodoma inayokata masikio. Kifua kilimbana Loisi, sauti ikapotea kabisa, akifungua mdomo unatoka upepo. Na kundi lile bila wimbo halikimbii, linatembea kama linakwenda msibani. Alfajiri hiyo akatupa macho ukutani, akaona filimbi ya akiba ya Joshua inaning'inia kwenye msumari. Mwenyewe alikuwa bado zamu. Akaichukua bila kufikiri, kama unavyochukua mwiko.

Methusela akatangulizwa. Alikuwa na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, na koti la mazoezi la mtumba ambalo kundi halijawahi kuliona. Alipofika kona ya kanisa Loisi akapuliza, wakaachiliwa. Wakapita bomba hawajamkamata. Stara akashangaa huyu leo kala nini. Mwanga ulikuwa bado hafifu, vumbi limetanda, wakauona mgongo wake tu unazidi kwenda. Ikaja mashine ya Nasri, na Methusela akaipita. Loisi alitokwa na machozi ya furaha, kweli kabisa. Kwa kuwa hakuwa na sauti ya kumshangilia, alipuliza filimbi kwa nguvu zote za kifua chake kibovu, mfululizo, bila kupumzika.

Ng'ambo ya mashine milango ikafunguka.

Methusela alisimulia baadaye kwamba alipowaona watu wakitoka, alidhani wamekuja kumshangilia. Aliinua mikono juu. Alikuwa anacheka. Rungu la kwanza lilimpata nyuma ya goti, na aliposikia mfupa ukilia, alifikiri ni jirani anavunja kuni. Akaanguka kifudifudi. Jiwe likampasua sikio. Akageuka chali ataje jina lake, teke likaingia kinywani, na meno yakarudi kooni pamoja na jina. Walimpiga kwa matofali na mipini ya majembe, na mama mmoja alikuja na mchi. Hawakumwuliza kitu. Watu waliokuwa wamelala muda mfupi uliopita walimpiga kana kwamba walimsubiri mwaka mzima, na wengi wao walikuwa wanamsubiri kweli, yeye au mwingine yeyote.

Loisi alipofika aliona migongo, akajua. Alitaka kuwaambia huyo si mwizi, na sauti haikuwepo. Mdomo uliowahi kunyamazisha stendi nzima, siku hiyo ndiyo ulikuwa umekauka. Akapuliza filimbi ili wamtazame, na kila akipuliza, wao wanazidi kupiga. Akaitupa. Akaingia kwa mikono. Wa kwanza alimkamata koo akamtupa mtaroni. Wa pili alimng'ata bega mpaka akaisikia chumvi ya damu. Akanyang'anya mpini wa jembe akapiga bila kuchagua, na mkono wa mtu ukavunjika. Mmoja alikuwa anakuja anabingirisha tairi. Loisi alimchapa mpini wa uso, mtu akakaa chini, tairi likaendelea lenyewe mpaka likalala. Kisha akajilaza juu ya Methusela, mwili wake wote mpana, na mateke yaliyobaki yakawa yake. Mbavu zake zilivunjikia hapo. Wale walikuwa hawajatosheka, ni Stara na Nasri waliofika wakipaza sauti kwamba huyu ni mtu wa mazoezi, mtu wa mtaani, ndipo wakaacha mmoja mmoja, wakabaki wanaitazama mikono yao.

Walimpakia Methusela kwenye mkokoteni wa Nasri wakamkimbiza hospitali. Aliponea chupuchupu. Mguu ule haukunyooka tena, meno ya mbele yalikwisha, na kila neno lenye s likawa linamtoka na mate. Loisi alipokwenda kumwona, amefungwa kifua kizima, Methusela alimvuta karibu akamwambia kwamba kati ya nyuso zote alizoziona juu yake, mmoja aliujua. Hakumtaja mwenyewe. Alimtazama tu, kisha akageukia ukutani.

Jioni hiyo Joshua hakuomba maji ya kuoga. Alikaa kwenye kigoda jikoni, na rungu hakuwa nalo.

"Mama Gladness," alisema, "lile goti nililivunja mimi."

Akaeleza. Alisikia filimbi, akaujua mlio wa sungusungu, akadhani mwenzake wa zamu kaona mwizi. Akaona mtu anakimbia na kundi nyuma yake. Loisi alisikiliza, na hakumkasirikia. Angeanzia wapi? Filimbi kaichukua yeye, kaipuliza yeye. Alikuwa tayari kukaa chini walie wote wawili. Lakini Joshua alikuwa hajamaliza.

"Alipogeuka chali, kofia ilimtoka. Nilimtambua."

"Ukafanyaje?" Loisi alinong'ona.

"Nilirudi nyuma. Walikuwa wameshachemka. Ningesema nimekosea, wangenigeukia mimi."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Shoka la kwato lilikuwa pale pale kando ya mafiga. Loisi alilinyanyua na mbavu zake zile zile mbovu, akalishusha. Liliingia kwenye mwimo wa mlango, karibu na sikio la Joshua, likakaa. Joshua hakukwepa. Pengine hilo ndilo lililomwokoa, maana angekimbia, Loisi angemfuata. Akamwambia kwa upepo ule wa kifuani kwamba siku atakayoweza kukimbia tena, atakayetangulia ni yeye, Joshua. Kisha akaenda kulala chumba cha binti yao Gladness, akaendelea kulala huko.

Mbavu zikaunga. Sauti ikarudi yote, tena na deni. Kundi lilipokutana upya, Stara alikuja na masharti: kuanzia sasa anayetangulia ataimbwa. Loisi atauliza kwa wimbo, "Nani yule?" na wao wataitikia, "Wetu!" Waimbe tangu kona ya kanisa hadi relini, ili wa ng'ambo ya mashine wasikie kabla hawajaona. Wote wakakubali. Joshua akafika na raba za kuazima, akasimama mbele. Watu walidhani ni mapenzi, mume kaja kumtia moyo mkewe. Stara hata alimtania.

Akatangulia. Alikuwa mwepesi, akavuka bomba kama si kitu, na Loisi akaimba vizuri tu hadi hapo. Mashine ilipokaribia, wimbo ukakatika. Stara akamwambia Afande imba. Nasri akamwambia. Sauti alikuwa nayo, imejaa kifuani, aliisikia inamgonga, na alifumba mdomo. Na wenzake nao, waliozoea kuitikia tu, wakabaki na pumzi zao. Joshua akaipita mashine akiwa peke yake, raba zinapiga vumbi, na nyuma yake watu wanakuja kimya.

Mlango mmoja ukafunguka, kisha mwingine. Mwanamume akatoka na rungu. Mama yule wa mchi akatoka. Mtu akaokota tofali, akalipima uzito mkononi. Joshua aligeuza shingo kumtafuta mkewe, akamwona, na akaona kwamba mdomo umefumbwa kwa makusudi. Loisi, Mungu amsamehe, aliona raha. Aliionea raha ile shingo iliyogeuka. Alitaka lile tofali lirushwe.

"Wetu!"

Sauti ilitoka mlangoni mwa mashine. Methusela alikuwa ameajiriwa hapo kupokea madebe ya mahindi, na kila alfajiri alikaa nje na gongo lake la kutembelea akisubiri kundi lipite. Sasa alikuwa amesimama, gongo limeanguka, ameshika ukuta, anaita kwa kinywa kile kisicho na meno, mate yanaruka. "Yule wetu! Acheni, yule wetu!"

Mwenye tofali akalishusha. Mwenye rungu akamtazama Methusela, akautazama mguu, akarudi ndani. Kundi likapita likiitikia ovyo ovyo, kila mtu na mdundo wake. Loisi peke yake alisimama. Aliinama akaokota gongo, akamnyooshea Methusela.

Methusela hakulipokea mara moja.

"Ulinyamaza, Afande."

Loisi alimwekea gongo mkononi. Akalikumbuka shoka lililobaki kwenye mwimo wa mlango, ambalo hakuna aliyelichomoa.

"Nilinyamaza," akasema.

Huko mbele Joshua alikuwa ameshafika relini, amekaa juu ya chuma na kichwa kati ya magoti, na hakuna aliyemkaribia. Loisi alimfuata kwa kutembea, polepole, akiimba njia nzima ili wenye milango wasikie.