Glasi ya Mwanangu

Chupa nilizikuta kwenye kapu la nguo chafu, zimeviringishwa ndani ya shuka. Ilikuwa hapa hapa Edmonton, London, nyumba hii ninamoandika. Mwanangu kazi yake ni kutunza wazee, anaingia jioni anatoka asubuhi. Nilikuwa nikimwona anarudi macho mekundu, nikisema ni usingizi. Hata baada ya zile chupa nilinyamaza. Mpaka asubuhi moja nikashuka ngazi nikamkuta amelala chini jikoni na sare yake, sufuria imeungua, moshi umejaa nyumba nzima. Nilimwita kwa jina lake lote la ubatizo. Hakuitika. Nilidhani amekufa.

Hakufa. Akaacha. Aliyemsaidia ni mwenzake wa kazini, mwanamke wa Ayalandi, ambaye naye pombe ilishawahi kumwangusha. Alikuwa akija kila siku yao ya mapumziko, wanakunywa chai mpaka majani yanatuishia. Lakini mimi hofu haikunitoka. Kila Jumatatu nilikuwa napekua lile kapu.

Basi huyo rafiki akatualika kwao, mji mdogo ulio kando ya bahari huko Ayalandi, mama yake anatimiza miaka themanini. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini majina hayanipotei. Kila niliyempa mkono kule namkumbuka kwa jina lake, mpaka mbwa wao. Hapa sitawataja, kwa ajili ya mwanangu.

"Sherehe inafanyikia wapi?" nilimuuliza tukiwa ndani ya ndege.

"Baa, Mama."

"Baa?"

"Kwao baa ni kama baraza. Watoto wanakuja, bibi wanakuja, padri anakuja."

"Na huyo padri ini lake ni la chuma?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili mpaka tukatua.

Baa yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani, dari fupi, mbao nyeusi, moto unawaka kwenye meko ya ukutani. Ilikuwa Jumapili, mchana bado mweupe. Nje bahari ya kijivu inapiga ukuta, upepo unakata masikio. Ndani joto. Wapigaji wa muziki hawakuwa jukwaani. Walikaa mezani kama watu wengine, mmoja fidla, mmoja filimbi, mmoja ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi anayoipiga kwa kijiti kifupi. Mmoja anaanza, wengine wanamfuata. Sitasema uongo, mguu wangu ulicheza chini ya meza. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye sinia za vinywaji.

Maana kule mtu hanunui chake peke yake. Mmoja anainuka, anawanunulia wote mezani, kisha mwingine, kisha mwingine. Kaka mkubwa wa yule rafiki akaja na sinia. Mimi nikapewa soda. Mbele ya mwanangu ikawekwa glasi ya bia nyeusi, povu jeupe juu zito kama tui la kwanza. Mwanangu akasema asante. Asante!

Simu yake ikalia, akatoka nje kuongea na binti yake aliyebaki London. Ile glasi ikabaki inanitazama. Nikaona sufuria iliyoungua, nikaona sare sakafuni. Nikaichukua nikainywa. Mimi, mama wa kanisa, ambaye hata divai ya meza ya Bwana nagusisha midomo tu! Chungu kama mwarobaini. Nikairudisha tupu mahali pake.

Kabla sijafuta povu mdomoni, kaka wa pili akaona glasi tupu. Akaleta nyingine.

Mwanangu akarudi, akakaa, hakujua kitu. Rafiki yake akamvuta wakacheze. Nikainywa na ya pili. Sasa taa zilikuwa na mapacha, na moyo unapiga kuliko ile ngoma. Mjomba wao akaleta ya tatu, akanikonyeza. Nikawaza, Mungu wangu, hizi hazina mwisho, nitakufa mimi kabla yake. Nikanyoosha mkono.

Mkono ukashikwa.

"Mama, hii ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Unakunywa? Wewe?"

"Nakunywa yako."

Akanitazama. Nilidhani atalia. Rafiki yake alikuwa nyuma yake, kajiziba mdomo. Mwanangu akainama sikioni kwangu.

"Mama, nisingeigusa. Huku kwao glasi yako ikiwa imejaa, hakuna anayekuletea nyingine, wala kukuuliza kwa nini hunywi. Unaiacha hapo tu, mpaka mnaondoka. Huyu ndiye aliyenifundisha. Wewe umeniitia pombe mezani mara mbili."

Hata kwetu mgeni akimaliza sahani anaongezwa. Anayetaka aachwe huacha tonge. Nalijua hilo tangu utoto. Hofu ilinisahaulisha.

Mara watu wakanyamaza wote. Yule mama wa miaka themanini alikuwa ameanza kuimba, peke yake, bila fidla, macho kayafumba. Wakati wa wimbo kama ule kule mtu hainuki wala hasemi neno. Mwanangu akaivuta ile glasi, akaiweka mbele yake, kati ya mikono yake miwili. Nikataka kuiondoa. Nisingeweza, watu wote wametulia. Nikakaa. Beti baada ya beti. Povu likashuka taratibu, likawa ukingo mwembamba. Vidole vyake vilikuwa vimeibana ile glasi, niliviona. Vyangu vilibana mkoba.

Bibi akamaliza, watu wakapiga meza kwa ngumi. Tulipoinuka kuchukua makoti, glasi ilikuwa imejaa vile vile.

"Twende, mlevi wangu," mwanangu akaniambia, akanishika kiuno kunivusha kizingiti. Upepo ukatupiga usoni.

Siku ya pili tukarudi London. Siku ya pili hiyo ilikuwa Jumatatu. Alilala, mimi nikapanda mpaka mlangoni kwake na kulitazama lile kapu la nguo. Shuka lilikuwa juu, limevimba katikati. Nilisimama hapo mpaka magoti yakaniuma. Kisha nikateremka kuchemsha chai, sijaligusa.