Filamu Tuliyoitazama Simu Ikiwa Imezimwa

Mzee wa Kizungu ninayemtunza kazini kule Fridley, hapa Marekani, ndiye aliyeniazima ile filamu. Ni ya zamani, imetolewa kwenye riwaya: wazungu walionusurika vitani wamehamia nchi za watu, hawaamini lolote tena, wanalewa mchana kutwa, kisha wanapanda treni kwenda kutazama mafahali wakiuawa. "Itazame," aliniambia, "utatuelewa."

Jumapili ile baada ya kanisa sikuwa na haja ya kumwelewa mtu. Mama alikuwa amelazwa Kisii wiki ya pili, na makaratasi yangu ya kuishi hapa hayajatoka. Nikitoka Marekani, kurudi ndiyo basi. Nilichobaki nacho ni sauti yake kwenye simu. Simu yenyewe niliiacha kwenye chaji chumbani, na mwenzangu, Mkenya ninayeishi naye hapa Columbia Heights, akasema tuweke ile filamu nipumzishe roho.

Katikati, simu yake ikalia. Akatoka kwenye korido. Aliporudi alipitia chumbani, kisha akaja kuketi akinibana, akanishika mkono.

"Nani huyo?"

"Watu wa kazi tu."

Haki ya Mungu sikushuku. Nilikuwa nafoka: "Hebu waangalie hawa! Pasipoti wanazo, nauli wanayo, na kwao hawaendi! Ningekuwa mimi!" Nilimcheka hata mlevi mmoja aliyekuwa akilia. Nilipoinuka nikaangalie simu, alinivuta. "Kaa, bwana. Tumalize."

Ilipoisha tu, mlango ukagongwa. Akina mama wanne wa kanisa, wamebeba chupa ya chai na mkate. Kwetu hapo huhitaji kuelezwa. Habari ya msiba hupewi ukiwa peke yako. Watu hukusanyika kwanza. Nilianguka kabla hawajafungua midomo.

Baadaye nilikuta simu yangu imezimwa. "Niliizima mimi," mwenzangu akasema. Dada yangu alikuwa amempigia kwa sababu mimi sikushika, akamwambia hali imezidi, nitafutwe haraka. Mwenzangu akadhani vile tunavyodhani sote: ukiona anapigiwa rafiki badala ya mwenyewe, ujue mgonjwa ameshakwenda. Hakuuliza. Akazima simu yangu, akawaita akina mama, akanishikilia pale kwenye kochi mpaka wafike.

Mama alikuwa hai. Aliishi karibu saa nzima baada ya simu ile, akiniulizia.

"Nilitaka tu usiwe peke yako," mwenzangu huniambia mpaka leo. Najua. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo, na bado nikimwona jikoni anachemsha chai natamani kumtupia sufuria.

Kuna jumbe tatu za sauti. Katika mbili dada ananisihi nishike simu. Ya tatu nimeisikiliza mara moja tu. Dada ameiweka simu mdomoni pa mama, na mama anahema, ananiita kwa jina langu la utotoni, ananyamaza, ananiita tena. Halafu dada anamtuliza: "Atapiga, Mama. Yuko kazini."