Mama anaimba ndani ya mashini

Mi nilitoka Sandoa na suruali moja, shule ya musingi sikumaliza, na leo niko na nyumba tatu hapa Kolwezi. Zote zilitoka mu mawe yenye batu bengine walitupa. Tulikuwa tunaosha mabaki ya kampuni ya mugodi kwenye maji ya muto Musonoi mpaka shaba inabakia. Kwa hiyo kunifundisha kazi, mi? Hapana.

Lakini siku ya kumaliza kilio cha mama yangu, matanga yake, binti yangu mukubwa alinichanganya kichwa. Alichukua wimbo wenye mama alikuwa anaimba wakati wa kutwanga muhogo, ule tulirekodi mu telefone. Akakata sauti bipande-bipande, akairudia-rudia, akaweka ngoma za mashini chini yake. Halafu akaupiga mbele ya batu ba kilio, akabaambia ni kazi yake.

"Kazi gani?" nikamuuliza. "Wimbo ni wa nkambo yako, mama yangu mi. We ulibonyeza tu!"

"Tata, na ile shaba? Ni weye uliiweka mu mawe?"

Batu walicheka mpaka bengine wakashika tumbo. Nikasimama niende kuzima ule muziki. Mama mudogo, ndugu wa marehemu, mwenye alikuwa analia tangu asubui, akanishika mukono.

"Wacha, baba. Anaimba muzuri kupita zamani."

Kupita zamani? Mama hakuimba vile hata siku moja. Lakini sauti ni yake, hata pumzi ni yake. Nikamuomba binti arudishe mwanzo, nisikie mama anaishia wapi na yeye anaanzia wapi. Alirudisha mara ine. Sikupaona.