Barua Niliyompelekea Mkuu wa Soko

Nakumbuka Jumapili moja baada ya misa, mwanangu, nikiwa kijana wa umri kama wako, nimekaa uani na silabusi ya sheria ya biashara magotini, na mke wangu akinisikiliza somo. Juzi ulipopita hapa ukaniambia kwamba wiki ijayo unafanya mtihani huohuo, nilikutakia heri, kisha nikanyamaza. Siku hizi kusema kunanichosha. Lakini baada ya wewe kuondoka sikupata raha, ndiyo maana nimeona afadhali nikuandikie.

Ulikuwa wakati wa Zaire. Nilikuwa karani katika ofisi ya kampuni moja ya shaba, nina cheti cha sekondari na hamu kubwa ya kupanda. Wazungu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, na viti vyao vilingoja watu wenye karatasi. Sisi makarani tuliwekewa masomo ya jioni. Aliyefaulu mtihani wa sheria ya biashara, chuo kilimhesabia somo hilo, akaingia masomo ya juu bila kulirudia. Baba yangu alikuja Lubumbashi kutoka kaskazini mwa Katanga kufanya kazi ya reli, akafa akiwa bado anabeba vyuma. Kwa hiyo mtihani ule niliuona kama mlango, na niliogopa sana usifungwe mbele ya uso wangu.

Silabusi ilikuwa mafundisho ya profesa yaliyochapwa kwa stensili, wino wake ukipaka vidole. Sikuwa na akili nyepesi. Nilichoweza ni kukariri, na ili kukariri nilihitaji mtu wa kuniuliza maswali. Mtu huyo alikuwa Chanda, mke wangu, mama wa Ilunga, mtoto wetu wa kwanza.

Chanda alikuwa mzaliwa wa Kasenga. Dada yake alinunua samaki kule mtoni Luapula, akawakausha, akawapakia kwenye lori, na Chanda akawauza hapa mjini. Miaka miwili aliuza chini, juu ya gunia, juani, mpaka akaandikiwa jina kwenye meza ya sokoni. Meza ile alikuwa akiifuta kila asubuhi kama altare. Mshahara wangu ulichelewa mara nyingi, lakini samaki hawakuchelewa. Muda wote wa masomo yangu sikununua unga hata mara moja. Nilijua hivyo, ila sikupenda kukumbushwa.

Jumapili ile alikuwepo Kasongo, karani mwenzangu, ambaye naye alikuwa akijiandaa. Chanda alisoma swali polepole, maana Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya masista: mfanyabiashara ni nani? Nikajibu bila kukosa neno: ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kununua na kuuza kwa jina lake mwenyewe ili apate faida.

Chanda akaangua kicheko. "Basi mufanyabiashara iko miye! Na weye, Baba Ilunga, banakuita nani mu kitabu?"

"Iko muteja!" Kasongo akadakia. "Muteja wa kula!"

Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Nami nilicheka, lakini kwa meno tu. Nikachukua silabusi, nikatafuta ukurasa unaohusu mwanamke aliyeolewa, nikausoma kwa sauti. Sheria ya wakati ule, kama tulivyofundishwa, ilisema mke hawezi kufanya biashara bila ruhusa ya mumewe, na mume aliyetoa ruhusa anaweza kuiondoa.

"Sasa umesikia," nikamwambia.

"Nimesikia. Lakini ruhusa ulishanipa. Kila mara unakula samaki, unasaini."

Kasongo alijipiga paja, machozi yakimtoka kwa kucheka.

Leo nikikaa peke yangu nakiri kwamba jibu lake lilikuwa sahihi kuliko langu. Profesa mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba ruhusa inaweza kuwa ya kimya. Lakini nilikuwa kijana, na nilikuwa nimechekwa uani kwangu mbele ya mwenzangu.

Jumatatu, ofisini, nikaweka karatasi kwenye mashine ya kuandikia. Niliandika barua kwa mkuu wa soko kwamba mimi, mume wa fulani, naondoa ruhusa yangu. Nilijiambia ni mazoezi. Nikaipangilia kama tulivyofundishwa, sababu kwanza, kisha uamuzi, kisha sahihi. Mchana nikamwonyesha Kasongo.

"Kifaransa ya kweli," akasema. "Lakini hautaipeleka. Unamuogopa Mama Ilunga."

Mwanangu, ningeweza kumlaumu Kasongo, na kwa miaka mingi nilimlaumu. Lakini miguu iliyokwenda sokoni ilikuwa yangu. Nilidhani mkuu wa soko angemwita Chanda na kumwonya kidogo, naye angerudi nyumbani aniombe. Nilitaka aniombe mara moja tu, nimpe ruhusa, tuendelee.

Mkuu wa soko aliisoma barua mara mbili. Akachukua muhuri, akaupuliza, akagonga.

"Sitwayeni," akasema, akiniita raia kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa wakati ule, "hii ni barua safi. Ingekuwa bote banaandika hivi, kazi yetu ingekuwa mwepesi."

Nilitoka nikiwa nimefurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu ameisifu barua yangu.

Jumatano niliporudi kula nilimkuta Chanda nyumbani saa ambayo hakuwa akionekana nyumbani. Kikapu cha samaki kilikuwa sakafuni, kimejaa. Mkononi alishika ile barua.

"Hii sahihi iko yako?"

"Ilikuwa mazoezi ya mtihani," nikasema.

"Mazoezi." Akaikunja taratibu. "Banaweka jina ya mwingine ku meza. Bananiambia bwana yako mwenyewe anakataa. Banaisoma mbele ya ba mama bote."

Hakulia wala hakunitukana. Ningeweza kuvumilia matusi.

Sikula. Nilirudi sokoni mbio na barua nyingine ya kurudisha ruhusa, nimeiandika kwa mkono nikiwa nimesimama. Mkuu wa soko alinitazama kwa upole. Meza ilikuwa imepata mwenyewe, akasema. Jina la Chanda lingewekwa mwisho wa orodha, naye angoje kama wengine. Barua yangu ya kwanza haikuwa na kasoro ya kushikilia.

Ijumaa nilikwenda kwa Mzee Saidi, fundi cherehani wa mtaani kwetu, ambaye wazee wake walitoka Maniema. Alikuwa akinishonea abakosti, lile koti la wakati wa Zaire lisilovaliwa na tai, la kuvaa siku ya mtihani. Alinipima mabega bila kunisalimu, nikajua habari imemfikia.

"Mutoto," akasema mwishowe, "hiyo sheria yako inasema mume lazima amukataze bibi yake?"

"Hapana, mzee. Inasema anaweza."

"Aa. Basi sheria haikukutuma. Ulijituma weye." Akaizungusha tepu shingoni. "Mimi niko na makasi kutwa muzima. Ninaweza kukata nguo ya kila mutu anaingia hapa. Geuka, nipime mugongo."

Nikageuka. Alinipima mgongo, akaandika vipimo.

Mtihani nilifaulu, jina langu la tatu kwenye orodha. Ule ukurasa wa mwanamke aliyeolewa haukuulizwa hata kidogo. Nilifika nyumbani nikamwambia Chanda, "Nimefaulu." Akasema, "Muzuri," akaendelea kuchambua maharagwe.

Chuo kilinihesabia somo, nikaingia masomo ya juu. Lakini zamu ya Chanda ya meza haikufika, na kurudi kuuza chini mbele ya wale mama hakutaka, kwa hiyo nyumba haikuwa na samaki tena, na mshahara uliendelea kuchelewa. Nikachukua vibarua jioni, saa zilezile za masomo, na kabla ya mwaka kwisha niliacha chuo. Dada yake kule Kasenga alipata mteja mwingine. Chanda akaanza kulima shamba huko Kasungami, nje ya mji, akienda na kurudi kwa miguu, mpaka mgongo ukamharibikia. Tulizaa watoto wengine wanne. Hakuninyima chakula, wala hakunijibu vibaya. Ila tangu siku ile hakunitania tena, si uani, si mbele ya watu, si tukiwa wawili. Nilikuwa nimepata ile heshima niliyoitaka, na ilikuwa baridi.

Nilimwomba msamaha nikiwa nimechelewa sana, yeye akiwa mgonjwa kitandani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba Ilunga, miye nilikuwa natania tu."

Nasikia sheria ile imebadilishwa. Vizuri. Lakini katika vitabu vyako, mwanangu, hutakosa vifungu vingine vinavyompa mtu nguvu juu ya mwenzake, na vingi utavikariri kabla hujajua uzito wake. Kwa hiyo nakuomba mambo haya. Soma, tena soma kwa bidii, sikuambii uache. Ukijifunza kwamba sheria inakuruhusu kufanya jambo, jiulize kwanza litamwangukia nani, umtaje kwa jina lake. Usifanye mazoezi juu ya mtu anayekulisha. Ukichekwa mbele ya rafiki, kaa na aibu yako siku mbili tatu bila kushika kalamu, itaisha yenyewe. Na ukikosea, omba msamaha siku hiyohiyo, kwa mdomo, si kwa barua. Mimi nilingoja, na kungoja kwenyewe kukawa kosa la pili.

Mungu akufungue akili siku ya mtihani, akutulize mkono, jina lako lisomwe kati ya waliofaulu. Akupe nyumba yenye mtu wa kukucheka bila kuogopa, na wewe akupe moyo wa kucheka naye. Amina.